Redio za ridhaa: Lango moja kilimani latosha taarifa za bonde zima

MFANYABIASHARA aliyepakia matenga ya nyanya kwenye lori jioni hulala na maswali mawili: gari limefika wapi, na huko mbele mvua imenyesha kiasi gani? Mkulima naye ana la kwake. Anasikia katika utabiri kwamba mvua itanyesha katika "baadhi ya maeneo", lakini hajui kama shamba lake ni mojawapo ya maeneo hayo.

Simu ya mkononi imepunguza maswali hayo, lakini haijayamaliza. Mnara wa simu hujengwa mahali penye wateja wa kutosha kurudisha gharama. Ukivuka mlima, ukaingia porini au ukashuka bondeni, simu hubaki tochi na saa tu.

Hata hivyo, lipo kundi la watu ambalo kwa zaidi ya miaka 30 limekuwa likijibu maswali ya aina hiyo bila kutegemea mnara wa kampuni yoyote. Hao ni wenye redio za ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kusaidiana, bila malipo. Mtandao wao wa kutoa taarifa za mahali kitu kilipo unajulikana kwa kifupi chake, APRS. Chombo muhimu kabisa katika mtandao huo ni kituo kidogo kinachoitwa lango, ambacho hupokea mawimbi ya redio na kuyapeleka kwenye intaneti.

Sheria hairuhusu mtandao huo utumike kwa biashara, na jambo hilo mfanyabiashara analijua mapema ni heri kwake. Lakini namna ulivyojengwa, kwa vituo vidogo vya watu wengi na lango moja la kushirikiana, ina somo kubwa kwa wakulima na wachuuzi ambao peke yao hawana mtaji wa kununua huduma ghali.

Ulianza na meli, ukaja farasi

Mwanzilishi wa mfumo huo ni Bob Bruninga, mhandisi aliyefanya kazi katika Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani kilichopo Annapolis, jimbo la Maryland. Mwaka 1982 aliandika programu ya kompyuta aina ya Apple II ya kuonyesha kwenye ramani mahali zilipo meli za jeshi hilo, kutokana na taarifa zilizokuwa zikija kwa redio.

Mwaka 1984 alitengeneza programu nyingine kwa ajili ya kompyuta ndogo ya nyumbani aina ya Commodore VIC-20. Safari hii haikuwa meli, bali farasi. Kulikuwa na mashindano ya farasi ya maili 100, sawa na kilomita 160, na waandalizi walihitaji kujua kila farasi amefika wapi na ana hali gani.

Jina la APRS lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo vipokezi vya GPS, yaani vifaa vinavyosoma setilaiti na kujua mahali vilipo, vilikuwa vimeanza kupatikana kwa raia. Bruninga aliona kwamba kifaa hicho kikiunganishwa na redio, gari lenyewe linaweza kutangaza lilipo bila dereva kusema neno.

Jambo jingine lililosaidia lilitokea Mei 2000. Hadi wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hivyo kipokezi kiliweza kukosea kwa mita zipatazo 100. Uvurugaji huo ulipoondolewa, makosa yalipungua hadi kufikia mita chache, na taarifa ya redio ikaweza kuonyesha si tu mji ambao gari lipo, bali hata barabara linayopita.

Bruninga alifariki dunia Februari 2022. Mtandao aliouanzisha bado unafanya kazi, kwa kuwa hakuna ofisi moja inayoumiliki. Kila mwenye kituo anakigharamia mwenyewe.

Jinsi taarifa inavyosafiri

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Kunahitajika redio ya mawimbi ya VHF, kipokezi cha GPS, na kifaa kidogo kinachogeuza maandishi kuwa sauti. Sauti hiyo ni ya mikwaruzo kama ile ya mashine ya faksi. Redio inairusha hewani, na redio nyingine inaipokea na kuigeuza kuwa maandishi tena.

Taarifa moja huitwa pakiti. Ndani yake mna alama ya kituo, yaani herufi na namba ambazo mwenye leseni amepewa na serikali yake, kisha mahali alipo, kasi yake na maelezo mafupi. Pakiti nzima hurushwa kwa muda unaokaribia sekunde moja tu. Baada ya hapo redio hunyamaza na kusubiri zamu nyingine.

Wote hutumia masafa mamoja. Marekani hutumia megahezi 144.390. Ulaya na Afrika Kusini hutumia megahezi 144.800. Kwa kuwa masafa ni mamoja, mgeni anayepita katika eneo hahitaji kuuliza mtu wala kujisajili upya. Akiwasha redio, wenyeji wanamwona, naye anawaona.

Redio ya gari haina nguvu ya kufika mbali. Hivyo vilimani na juu ya majengo marefu huwekwa vituo vya kurusha upya. Kituo cha aina hiyo husikiliza pakiti, kisha huirusha tena palepale kwa nguvu zake na kutoka mahali pake pa juu. Kila pakiti hubeba maelekezo ya mara ngapi irushwe upya, na kila kituo kinapoirusha hupunguza hesabu hiyo kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, pakiti inaishia hapo.

Aidha, mfumo huo hubeba ujumbe mfupi wa maandishi kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 67, na kifaa kinachoupokea hurudisha jibu lenyewe kuthibitisha kwamba umefika.

Lango ni daraja

Mpaka hapo taarifa inazunguka kwa redio tu, na haiwezi kuvuka eneo la vituo vya jirani. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Steve Dimse, naye Mmarekani mwenye leseni ya redio za ridhaa, alipoanzisha njia ya kuzikusanya taarifa hizo kwenye intaneti.

Kazi ya kituo cha lango ni rahisi kueleza. Upande mmoja kina antena inayosikiliza masafa ya mtandao. Upande wa pili kina intaneti. Kila pakiti kinayoisikia hukiandikia seva, ambazo ni kompyuta kubwa zinazohifadhi na kugawa taarifa. Kama malango matatu yamesikia pakiti ileile, seva hubakiza moja na kutupa nakala.

Malango mengine hufanya kazi pande zote mbili. Mtu aliye mbali akimwandikia dereva ujumbe kupitia intaneti, lango lililomsikia dereva huyo hivi karibuni huuchukua ujumbe na kuurusha hewani katika eneo hilo tu. Halirushi mambo ya dunia nzima, kwa kuwa likifanya hivyo masafa yatajaa na hakuna atakayesikika.

Taarifa zikishafika kwenye seva, mtu yeyote duniani mwenye intaneti anaweza kuziona kwenye ramani, hata kama hana redio wala leseni. Tovuti inayotumiwa sana kwa kazi hiyo ni aprs.fi, iliyotengenezwa na Heikki Hannikainen wa Finland katika miaka ya 2000.

Gharama ya lango imeshuka sana tangu mwaka 2012. Mwaka huo ilianza kuuzwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayolingana na kadi ya benki kwa ukubwa. Mwaka huohuo mafundi waligundua kwamba kipokezi cha bei nafuu cha televisheni kinachochomekwa kwenye kompyuta kinaweza kusikiliza masafa mengine mengi. Vifaa hivyo viwili na antena vinatosha kuwa lango la kupokea, na hutumia umeme wa wati chache ambao hata paneli ndogo ya jua na betri vinaumudu.

Matumizi ya intaneti nayo ni madogo. Hebu chukua mfano wa lango linalosikia pakiti moja kila baada ya sekunde 10. Kwa siku hizo ni pakiti 8,640. Kama kila pakiti ina herufi zipatazo 100, maandishi yote ya siku nzima hayafiki megabaiti 1. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kuzidi hapo.

Kilima ni mtaji

Mawimbi ya VHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo adui yao mkubwa ni mlima na umbo la duara la dunia. Wataalamu wa redio wana hesabu inayosaidia: chukua urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali wa upeo wa redio kwa kilomita.

Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi, kama ile ya gari, ina upeo wa kilomita 6 hivi. Ikiwa kwenye mlingoti wa mita 10, upeo ni kilomita 13. Ikiwekwa kwenye kilima kilichoinuka mita 100 juu ya uwanda, upeo unafika kilomita 41. Kwa kilima cha mita 400, unakaribia kilomita 82.

Maana ya hesabu hiyo ni kwamba lango moja kilimani lina faida kuliko malango kumi bondeni. Pia maana yake ni kwamba pale ambapo hakuna mtu aliyeweka lango wala kituo cha kurusha upya, pakiti hufia hewani. Gari lipo, redio inafanya kazi, lakini kwenye ramani hakuna kitu. Mtandao wa kujitolea hauna wa kumlaumu. Eneo huonekana kwa sababu kuna mtu wa eneo hilo aliyepanda kilimani na antena.

Wenye redio wamejaribu kuziba mapengo hayo hata kutoka angani. Septemba 30, 2001 setilaiti ndogo ya PCSAT, iliyojengwa na wanafunzi wa chuo cha Annapolis chini ya Bruninga, ilirushwa kutoka Kodiak, Alaska. Ilifanya kazi ya kituo cha kurusha upya, na malango yaliyotawanyika duniani yaliipokea na kuzipeleka taarifa kwenye intaneti. Kituo cha Kimataifa cha Anga nacho kimebeba redio ya kazi hiyohiyo kwa masafa ya megahezi 145.825.

Uchoyo uliwahi kuziba njia

Mtandao wa bure una ugonjwa wake. Kwa kuwa masafa ni mamoja, pakiti mbili zikirushwa kwa wakati mmoja huharibiana, kama watu wawili wanaosema kwa pamoja. Katika miji mikubwa ya Marekani, baadhi ya watu waliweka redio zao zirushe taarifa mara kwa mara mno, na ziruke vituo vingi kuliko ilivyohitajika. Kila mmoja alitaka aonekane mbali. Matokeo yake wengi hawakuonekana kabisa.

Katikati ya miaka ya 2000 Bruninga aliongoza kampeni ya kubadilisha utaratibu. Vituo vya kurusha upya viliwekewa kikomo, na wenye magari wakashauriwa wasiombe pakiti irushwe zaidi ya mara mbili. Kituo kisichohama kilishauriwa kutoa taarifa kila baada ya dakika 30, kwa kuwa nyumba haihami. Gari lilipewa nafasi zaidi, na vifaa vipya vikawekewa akili ya kutoa taarifa gari linapokata kona na kutulia linapoegeshwa.

Wakulima wanaogawana maji ya mfereji wanaifahamu hadithi hiyo bila kuhadithiwa. Aliye juu akifungulia maji usiku na mchana, wa chini hukosa, na mwisho mfereji wote huharibika. Chombo cha pamoja kinadumu kwa zamu.

Kipimamvua cha nyuma ya nyumba

Sehemu ya mtandao huu inayomhusu mkulima moja kwa moja ni ya hali ya hewa. Tangu mwanzo pakiti za APRS ziliandaliwa ili ziweze kubeba pia vipimo vya joto, upepo, mvua, unyevunyevu na mgandamizo wa hewa. Mtu mwenye kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani aliweza kukiunganisha na redio, na jirani mwenye lango akavifikisha vipimo hivyo kwenye intaneti.

Vipimo huandikwa kwa mkato. Kwa mfano, t077 ni joto la nyuzi 77 za Fahrenheit, sawa na nyuzi 25 za Sentigredi. h50 ni unyevunyevu wa asilimia 50. b09900 ni mgandamizo wa milibari 990. Mvua huhesabiwa kwa sehemu ya mia ya inchi, kwa hiyo p079 ni mvua ya milimita 20 katika saa 24 zilizopita.

Kutokana na vituo hivyo ulizaliwa mpango wa raia wa kupima hali ya hewa nchini Marekani, unaojulikana kwa kifupi cha CWOP. Ulianzishwa na wenye redio za ridhaa, kisha ukafunguliwa kwa watu wasio na leseni ambao hupeleka vipimo kwa intaneti moja kwa moja. Vipimo hivyo hufika katika mfumo wa NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia masuala ya bahari na anga, ambako watabiri na watafiti huvitumia pamoja na vile vya vituo rasmi. Maelfu ya watu wameandikisha vituo vyao.

Swali ambalo mtu anaweza kujiuliza ni vipi serikali iamini kipimo cha nyuma ya nyumba ya mtu. Jibu ni majirani. Kompyuta hulinganisha kila kituo na vingine vilivyo karibu. Kituo kimoja kikisema mgandamizo umeshuka ghafla huku vyote vinavyokizunguka vikisema haujabadilika, hutiliwa shaka, na mwenyewe anaweza kuona kwamba kifaa chake kinahitaji kurekebishwa. Kituo kimoja peke yake hakina wa kukisahihisha.

Kwa mkulima, faida ya kipimo cha karibu ni kubwa. Mvua ya milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Hivyo mvua ya milimita 20 humwaga katika ekari moja lita zipatazo 81,000. Mvua za ukanda wa tropiki huweza kunyesha upande mmoja wa kijiji na kuacha upande mwingine mkavu. Mkulima anayepanda kwa kutegemea kipimo cha mji ulio mbali anaweza kutupa mbegu.

Biashara hairuhusiwi

Hapa ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kuwa makini. Kanuni za kimataifa za redio, zinazosimamiwa na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, zinaieleza huduma ya redio za ridhaa kuwa ni ya kujifundisha, kuwasiliana na kufanya utafiti wa kiufundi, kwa watu walioidhinishwa wanaopenda fani hiyo kwa nafsi zao na bila maslahi ya fedha. Sheria za nchi hufuata msingi huo.

Maana yake ni kwamba kufunga redio ya ridhaa kwenye lori ili kufuatilia mzigo wa kuuza ni kinyume cha kanuni, hata kama dereva ana leseni. Kupanga bei, kuagiza mbegu za duka au kumwita dalali kwa masafa hayo ni vivyo hivyo. Na kurusha mawimbi bila leseni ni kosa lenyewe, mbali na suala la biashara.

Ipo sababu nyingine ambayo hata bila sheria ingetosha kumzuia mwenye mzigo. Katika redio za ridhaa hairuhusiwi kuficha maana ya ujumbe kwa maandishi ya siri. Kila pakiti ni ya wazi. Inapopitia lango, huonekana duniani kote na kuhifadhiwa. Mwenye lori la mazao au la ng'ombe wa mnadani hapendi watu asiowajua waone limesimama wapi usiku na kwa muda gani.

Hata lango la kupokea tu huhitaji mwenye leseni. Ili seva ipokee taarifa, mwenye lango hujitambulisha kwa alama ya kituo chake na namba ya siri inayoendana nayo.

Njia zilizo wazi kwa Afrika Mashariki

Nchi za Afrika Mashariki zimo katika mpango wa kimataifa wa redio za ridhaa. Alama za vituo vya Tanzania huanza na 5H, za Kenya na 5Z, za Uganda na 5X. Leseni hutolewa na mamlaka za mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na UCC kwa Uganda. Shule ya ufundi au chuo chenye vijana wanaopenda umeme kinaweza kuanzia huko, kwa kuwa kituo cha lango ni somo zima la redio, kompyuta, ramani na hali ya hewa kwa pamoja.

Kwa mkulima na mchuuzi ambaye shida yake ni kazi, wala si fani ya redio, zipo njia nyingine zinazotumia wazo lilelile kihalali.

Kwanza, ni kupima mvua. Kipimamvua cha kawaida hakihitaji redio, leseni wala umeme. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti, nyumba na paa, na kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, muda ambao vituo rasmi vya Afrika Mashariki husoma mvua ya saa 24 zilizopita. Wakulima kumi wa kata moja wakisoma kwa saa moja na kuandika katika daftari moja, tayari wana mtandao. Kabla ya kununua kituo cha kielektroniki cha kutoa taarifa kwa wengine, ni vyema kuuliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu taratibu zake.

Pili, ni vihisi vya LoRa. Hii ni teknolojia ya redio inayotuma maneno machache kwa umeme kidogo sana hadi umbali wa kilomita kadhaa, na kihisi chake huweza kukaa na betri muda mrefu. Wenye redio za ridhaa wa Ulaya wameshaanza kuitumia kwa taarifa za mahali katika masafa yao. Lakini teknolojia hiyohiyo hutumika pia kibiashara katika masafa ya matumizi ya wote, kwa kazi kama kupima unyevu wa udongo, kina cha maji kwenye tangi au mahali ng'ombe alipo. Nayo huhitaji lango moja lenye intaneti. Ushirika unaweza kununua lango na kuliweka mahali pa juu, na kila mwanachama akanunua kihisi chake. Masafa na nguvu zinazoruhusiwa hutofautiana kwa nchi, kwa hiyo mamlaka ya mawasiliano iulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Tatu, kwa magari ya mizigo, vipo vifaa vya kufuatilia vyenye GPS na laini ya simu. Mnunuzi anapaswa kumuuliza muuzaji swali moja: gari likiingia mahali pasipo na mtandao, kifaa kinahifadhi taarifa na kuzituma baadaye, au kinazipoteza? Kinachohifadhi kitaonyesha safari nzima, ingawa kwa kuchelewa. Anayelazimika kujua palepale akiwa porini atahitaji kifaa cha setilaiti, ambacho gharama yake ni kubwa zaidi.

Nne, ni shule. Mradi wa TAHMO, unaoweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika nchi mbalimbali za Afrika, umetumia shule kama mahali pa kuvitunza, na vipimo husafiri kwa mtandao wa simu. Shule ina uzio, ina mlinzi na ina watoto wa kujifunza. Kijiji kinachotafuta mahali pa kuweka kipimo au lango kina pa kuanzia.

Kinachobaki ni uamuzi wa wenyewe

Uzoefu wa Marekani na Ulaya unaonyesha kwamba sehemu ngumu ya mtandao wa aina hii si vifaa. Ni mtu wa kupanda kilimani kurekebisha antena iliyoangushwa na upepo, wa kulipia intaneti mwezi hadi mwezi, na wa kumwambia mwenzake kwamba kipimamvua chake kimeziba majani. Mahali penye mtu huyo ramani imejaa. Mahali asipokuwepo ramani ni tupu, hata kama wakazi wana fedha.

Dhoruba ya Katrina ilipoipiga Marekani Agosti 2005 na simu zikakatika katika maeneo makubwa, wenye redio za ridhaa walipitisha ujumbe wa watu waliokwama. Waliweza kwa sababu vituo vyao vilikuwepo kabla ya dhoruba. Lango hutegemea intaneti, na intaneti ikikatika taarifa haziendi mbali. Lakini redio na redio huendelea kusikilizana.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ushirika wenye wanachama 30 unaopanga kununua mbolea pamoja unaweza, katika mkutano huohuo, kuamua ni nani atasoma mvua saa 3 asubuhi, daftari litakaa wapi, na kilima kipi kinaonekana kutoka mashamba yote. Mambo hayo matatu hayahitaji fedha. Yakishapatikana, kununua lango huwa ndiyo hatua ya mwisho, tena iliyo rahisi kuliko zote.